Tone la Rangi ya Kucha

Ijumaa jioni, mteja wa mwisho alipoondoka na gauni lake, mshonaji alifunga mlango wa chumba cha kushonea, akachukua bisibisi ndogo ya cherehani, akatoka uani kwenda kuharibu gari lake mwenyewe.

Tusidanganyane, hakuliharibu sana. Alifungua boneti, akainama, akaitafuta skrubu moja ndogo pembeni mwa kabureta, ile yenye doa jekundu kichwani, akaizungusha kushoto. Robo mzunguko, basi. Robo hiyo inatosha: gari litawaka na litakwenda, lakini kila dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, injini itatetemeka, itakohoa, itazima. Akashusha boneti taratibu ili mama yake asisikie jikoni. Hiyo ilikuwa Ijumaa ya saba.

Utauliza, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mwenye wateja wake na heshima zake, anafanya vituko vya namna hii kwa nini? Kwa sababu gereji hufunguliwa Jumamosi saa mbili asubuhi, na ndani ya gereji yumo fundi mmoja anayeitwa Kimya. Hakuna sababu nyingine. Angekuwepo mtu wa kumwambia aache angemwambia, lakini hakuna aliyejua.

Gari lenyewe lilikuwa la milango miwili, rangi ya maziwa, lenye umri wa kumzidi yeye. Baba yake alilinunua alipokuwa kijana, na alipooa akalibandika jina la Bi Mdogo, makusudi, kumchokoza mkewe. Mama hakusahau. Mpaka leo, miaka mitatu tangu mzee afariki, akilipita uani alikuwa akisema, "Hujambo, mke mwenzangu," bila kulitupia hata jicho la pili. Kila Jumapili baba alilala chini ya Bi Mdogo, na binti alichuchumaa kando akimpa spana: namba kumi, namba kumi na mbili, si hiyo, ile ndefu. Kaka yake hakutaka grisi kwenye vidole. Kwa hiyo mzee alipoondoka funguo alimwachia binti, na hakuna aliyeshangaa.

Miezi miwili nyuma Bi Mdogo aligoma kweli. Uchafu wa petroli ulikuwa umeziba kabureta, na hapo ndipo mshonaji alipoelekezwa kwa Kimya, "kijana mmoja mrefu, hasemi, lakini magari ya zamani yanamsikia." Alimkuta. Kabla ya kukaa kwenye kiti cha gari, fundi yule alitandika kitambaa safi ili ovaroli yake isichafue. Alipomaliza kazi alipitisha kiganja juu ya usukani uliochakaa akasema, "Hili limetunzwa na mtu aliyelipenda." Siku nzima hakusema neno jingine. Mshonaji alirudi nyumbani na sentensi ile moja, akala nayo na kulala nayo wiki nzima.

Ijumaa iliyofuata alijua kesho yake hana sababu ya kwenda. Ndipo akaitazama bisibisi ya cherehani.

Walikuwa wakiitana "fundi" wote wawili, yeye wa nguo, mwenzake wa magari. Kimya hakuwa mtu wa hadithi, lakini alimsogezea kiti kivulini, akamwekea chai, na kila alichokifungua alimwonyesha. Jumamosi ya nne mfuko wa kifuani wa ovaroli yake ulikuwa umechanika, unaning'inia. Mshonaji alitoa sindano kwenye mkoba.

"Usivue. Simama tu," alimwambia.

Mfukoni mlikuwa na kichupa. Alikitoa ili asikivunje, akakuta ni rangi ya kucha. Nyekundu, imeshatumika nusu. Moyo ulimdondoka, wallahi. Alishona, akakata uzi kwa meno, pua yake vidole viwili tu kutoka kifuani pa yule mwanamume, harufu ya sabuni na petroli ikimwingia kichwani. Kimya hakupumua mpaka kazi ikaisha. Mshonaji akarudisha kichupa mfukoni, akaenda zake, na wiki nzima akawa anamfikiria huyo mwanamke mwenye kucha nyekundu. Alijaribu kumchukia, akashindwa hata kumpatia sura. Na Ijumaa ilipofika akachukua bisibisi vilevile.

Sasa turudi kwenye Jumamosi hii ya saba. Alipoingia jikoni kunywa chai alimkuta kaka yake ameketi na mama, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Kaka huyu ni mwalimu wa hesabu, na hata nyumbani hugawa maneno kama anaandika ubaoni.

"Leo nakwenda na wewe gereji," alisema.

"Wewe? Kufanya nini?"

"Kuona. Gari gani linaugua ugonjwa uleule kila Jumamosi? Linapona Jumamosi mchana, Ijumaa limelala uani, Jumamosi asubuhi mgonjwa tena!"

"Gari la zamani, kaka. Linadeka."

"Hapana. Mambo ni mawili tu. Kama fundi ni mwaminifu, basi gari limekwisha. Kuna mtu kazini kwetu anakusanya magari ya zamani, analitaka hata kesho, na tutamwuzia. Kama gari ni zima, basi fundi ni tapeli, analilegeza ili urudi. Huyo namshtaki kwa mwenye gereji leo leo, mbele yake. La tatu sioni."

Chai ilimpalia. Mama akampigapiga mgongoni.

"Mwuzeni tu," mama alisema. "Nimekaa na mke mwenza wa chuma miaka arobaini. Mwenzangu anahudumiwa mpaka leo, mimi goti langu nani kalitazama?"

"Mama, gari la baba!"

"Baba yako mwenyewe alikuwa anarudi na grisi masikioni. Nilifua mashuka mpaka vidole vikaota sugu. Na wewe siku hizi unarudi hivyo hivyo, tena unaimba. Sipendi mtu anayetoka gereji anaimba."

Mshonaji aliweka kikombe chini. Alitamani dakika mbili tu uani airudishe ile robo mahali pake, lakini kaka mtu alishatoka, alishakaa kwenye kiti cha mbele na kushusha kioo, na sasa anapiga honi. Ikawa hakuna namna.

Bi Mdogo aliwaka vizuri, akaenda vizuri, na kwenye makutano ya kwanza, taa nyekundu, akatetemeka, akakohoa, akazima. Kwenye makutano ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hakuwaka tena. Magari ya nyuma yalipiga kelele. Mwalimu wa hesabu alishuka, akaegemeza kifua chake kwenye buti, akasukuma na shati lake la pasi. Mwendesha baiskeli mmoja akampita akisema, "Sukuma, bosi, limeshiba hilo!" Mwalimu alipoingia tena alikuwa na mstari mweusi kutoka kola mpaka mkanda, na hasira ambazo hazikuhitaji maelezo.

"Leo," alisema, "leo ni leo."

Gereji ilikuwa uwanja wenye paa la mabati nusu, matairi yamepangwa ukutani, na redio inayoongea peke yake. Mzee mwenye gereji alikuwa mlangoni akisafisha miwani kwa ncha ya shati.

"Shikamoo, mzee," mshonaji alisema.

"Marahaba, binti. Jumamosi imefika, naona."

Kimya alitoka chini ya gari jingine, akafuta mikono. Alipomwona mshonaji macho yake yalifanya kile yanachofanya kila Jumamosi: yalitua usoni kwake, yakakaa zaidi kidogo ya inavyoruhusiwa, yakakimbilia kwenye boneti. Halafu akamwona mwanamume mwenye mstari mweusi.

"Huyu ni kaka yangu," mshonaji alisema haraka.

"Karibu, kaka."

"Sijakaribia kunywa chai," kaka alisema. "Wewe ndiye Kimya? Wiki ya saba hii gari linazima kwa jambo moja. Lifungue mbele yangu. Na mzee aje asikie."

Mzee alivaa miwani yake, akasogea. Kimya alifungua boneti, akainama. Alitazama muda mrefu. Akageuza shingo, akamtazama mshonaji, mara moja tu, bila kuuliza kitu. Kisha akachukua kitambaa, akakichovya kwenye kopo la petroli, akapangusa kitu pale ndani, akasimama wima.

"Skrubu imelegea," alisema.

"Gari limechakaa? Haishiki?" kaka aliuliza.

"Hapana. Gari halina neno. Injini hii itatuzika wote."

"Basi kwa nini inalegea?"

Kimya alikunja kile kitambaa, akakifumbata. "Kosa langu. Sikuikaza."

"Mara saba?"

"Mara saba."

Mshonaji aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. Gari limepona, na fundi kazama. Ndivyo hesabu ya kaka yake ilivyotaka, na Kimya alikuwa ameijibu peke yake bila kuulizwa mara ya pili.

Kaka alimgeukia mzee. "Umesikia mwenyewe. Sina la kuongeza."

Mzee aliinyamazisha redio. Mafundi wengine wawili waliacha kugonga.

"Kimya," mzee alisema, "miaka tisa upo hapa. Sheria ya hapa unaijua."

"Naijua, mzee."

"Iseme ili mteja asikie."

"Fundi anayemlegezea mteja ili arudi, sanduku lake la spana halilali hapa."

"Haya." Mzee alishusha pumzi nzito. Alionekana amezeeka ghafla. "Haya. Lakini ngoja kwanza. Hebu nilione tone."

"Hakuna tone, mzee. Nilisahau."

"Wewe? Usahau tone? Wewe ambaye ukisahau tone unarudi kwa miguu mpaka nyumbani kwa mtu?" Mzee aliwageukia wageni. "Huyu, kila skrubu anayoimaliza anaitia tone la rangi ya kucha. Nusu kwenye kichwa cha skrubu, nusu kwenye chuma. Likikauka, mkono wa mtu ukigusa, tone linakatika, naye anajua skrubu imeguswa. Wenzake wanamcheka kila siku, eti anayapaka magari kucha. Ana kichupa mfukoni, mwangalieni!"

Mshonaji alikitazama kile kitambaa mkononi mwa Kimya. Pembe yake ilikuwa nyekundu.

Kumbe! Kichupa kile! Hakukuwa na mwanamke. Hajawahi kuwepo mwanamke wa kucha nyekundu, palikuwa na skrubu tu. Furaha ilimjaa mpaka kooni, na nyuma yake ikaja aibu kubwa kuliko furaha, kwa sababu sasa alielewa na lile la pili: kila Jumamosi mtu huyu alifungua boneti akalikuta tone limekatika. Alijua. Wiki zote hizo alijua, akaikaza skrubu, akapaka tone jipya, akamwekea chai. Na leo, badala ya kumwonyesha kaka mtu lile tone lililokatika na kuwa huru, amelipangusa.

Kimya alikuwa ameshaanza kukusanya spana zake, anaziweka sandukuni moja moja kwa ukubwa.

"Ni mimi," mshonaji alisema.

Hakuna aliyemsikia, akarudia kwa sauti kubwa. "Nimesema ni mimi! Ninalegeza mimi. Kila Ijumaa jioni. Kwa hii." Alifungua mkoba, akatoa bisibisi ya cherehani, akainyoosha mbele ya watu wote kama mwanafunzi aliyekamatwa na kitabu cha mwenzake.

Kaka yake aliinama kuitazama ile bisibisi.

"Acha, fundi," Kimya alisema taratibu. "Si lazima."

"Ni lazima! Utaondoka na sanduku lako kwa ajili ya robo mzunguko wangu?" Alimgeukia kaka yake. Machozi yalikuwa yameshafika, akayaacha. "Ulisema mambo ni mawili. La tatu ni mimi. Gari zima, fundi mwaminifu, dada yako ndiye mwongo. Gari likiwa zima sina sababu ya kuja hapa, kaka, na mimi nataka kuja hapa. Nampenda huyu mtu. Haya, mmesikia wote, na wewe wa kwenye tairi pale umesikia, tangazeni."

Fundi wa kwenye tairi alijikuta anapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Kaka alikaa juu ya tairi bila kulitazama kama ni safi. Shati lenyewe lilikuwa limeshaharibika, hakuwa na cha kupoteza. "Nimesukuma gari mbele ya watu," alisema polepole. "Wanafunzi wangu wawili walikuwa pale kwenye taa."

"Nisamehe, kaka."

"Wanafunzi wawili." Akapangusa uso, akausogeza ule weusi kutoka shingoni mpaka shavuni. Halafu akasimama, akamwendea Kimya, akampa mkono, kwa shida, kama mtu anayelipa faini. "Nilikukosea, bwana. Nilikuita tapeli nyumbani kwetu mbele ya mama yangu."

"Hukunijua," Kimya alisema.

Mzee alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanacheka. "Kimya kingi kina mshindo," alisema, akawasha redio yake. "Rudisha spana mahali pake. Kazi iendelee."

Mshonaji alisogea kwenye boneti, karibu na Kimya, akanong'ona, "Ulijua tangu lini?"

"Jumamosi ya pili. Bisibisi yako ndogo mno, inakwaruza kichwa cha skrubu."

"Mbona hukusema?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri hata swali la ndiyo au hapana. "Ningesema, ungeacha kuja."

Mshonaji alisimama akamtazama Kimya akirudisha ile robo, akitoa kichupa kwenye mfuko wenye mshono wake, akipaka tone jipya kwa kibrashi, mkono umetulia. Bi Mdogo aliwashwa akanguruma bila kutetemeka. Kimya alishusha boneti. Kisha akasema, macho yake yako chini:

"Jumamosi ijayo usije, fundi."

"Nini?"

"Usije. Gari ni zima."

Akaitwa na mteja mwingine, akaenda.

Njia nzima ya kurudi Bi Mdogo hakuzima hata mara moja. Kwenye taa zote tatu alinguruma kwa adabu, na kila aliponguruma mshonaji alizidi kulia. Kaka yake alimpa kitambaa, hakusema neno la hesabu.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Alishona mkono wa kushoto mahali pa wa kulia, akafumua, akarudia kosa lilelile. Mama, aliyepewa habari zote na mwalimu kabla hata hajavua viatu, hakumwonea huruma.

"Kwa hiyo baada ya mke mwenza wa chuma niletewe mkwe wa grisi?"

"Hakuna mkwe, mama. Kaniambia nisiende."

"Usiende wapi?"

"Gereji. Mbele ya watu nimemwambia nampenda, yeye kaniambia gari ni zima."

Mama aliokota jiwe kwenye mchele aliokuwa akichambua, akalitupa. "Na lile tone alilifuta kweli? Mwenyewe, kabla hajaulizwa?"

"Alilifuta."

"Hm," mama alisema, akaendelea na mchele wake.

Ijumaa jioni bisibisi ilikuwa kwenye droo ya cherehani, na mshonaji hakuifungua droo. Alitoka uani, akakaa ndani ya Bi Mdogo mikono juu ya usukani wa baba yake. Hakugusa kitu. Alimwambia gari, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwambia, kwamba amejiaibisha bure na kwamba hata hivyo asingeyafuta maneno yake.

Jumamosi saa tatu alikuwa kwenye mashine, anapinda ukingo wa pazia, wakati mama alipomwita kutoka mlango wa mbele.

"Wewe! Hebu njoo huku. Fundi wako yupo hapa."

Mguu ulimkwama kwenye kanyagio. "Mwambie gari ni zima, mama!"

"Nimemwambia. Anasema anajua." Mama alikuwa ameingia mpaka mlangoni mwa chumba cha kushonea, amejishika kiuno, na usoni ana kitu ambacho binti yake hakuwahi kukiona tangu baba alipokuwa hai. "Anasema hakuja kwa ajili ya gari, amekuja kuzungumza na mimi na kaka yako. Kavaa shati jeupe, kanisalimia vizuri, na kucha zake safi. Nimemkagua mikono yote miwili, mwanangu. Hana hata bisibisi."